Haina Maziwa, Hata Tone

Jumatatu, 6 Oktoba

Wewe uliyeokota daftari hili, lifunge. Kama umeshasoma mstari huu, basi ishia hapa, na nakusihi usimwambie mtu, hata ndugu yako aliye mbali asiyetujua. Kila neno la humu ni siri. Si siri yangu. Yangu ningeivumilia. Hii ni ya mtoto wa watu.

Nimeandika hivyo, kisha nimejicheka. Nani ataliokota? Linakaa chini ya godoro, na Shangazi hawezi kusoma mwandiko wangu. Anasema ni sisimizi waliofukuzwa. Lakini leo nimeapishwa kutunza siri mara ya pili tangu niajiriwe, na safari hii bila karatasi.

Ilikuwa saa ya chakula. Nilikuwa na kikombe changu cha barafu ya matunda, ndizi na embe. Mkuu wetu akasimama mbele ya meza yangu. Tunamwita Mama Muhuri, kwa sababu muhuri wa ofisi ya vyeti anautia mkobani na kwenda nao mpaka msalani. Akauliza ninakula nini. Nikasimama. Mimi husimama hata akiniuliza saa. Nikaeleza: matunda mabivu, nayagandisha, nayasaga. Akachota kwa kijiko chake mwenyewe, akafumba macho.

"Maziwa umetia gani?"

"Sikutia, mama."

"Krimu?"

"Hata tone."

Akasema nimfuate. Akafunga mlango. Nilijua ni kile cheti cha wiki iliyopita, nilichoandika tarehe ya kuzaliwa ya baba mahali pa mtoto. Haikuwa cheti. Alikuwa anazungumzia binti yake.

Ana miaka saba. Maziwa hayapatani na mwili wake kabisa. Mara mbili koo limefunga, midomo imevimba, na ile ya pili alibebwa hajitambui. Tarehe 17 darasa lao lina sherehe ya kufunga muhula na watoto wote watapewa aiskrimu. Mwaka jana alikaa pembeni na chungwa. "Alilimenya kwa dakika arobaini," alisema Mama Muhuri, "ili asimalize kabla ya wenzake." Akaangalia dirishani. Sijawahi kumwona akiangalia kitu kisicho karatasi.

Anataka nimtengenezee kopo zima. Na mtu yeyote asijue. Siku hiyohiyo ana usaili makao makuu, kuna nafasi kubwa. Wakisikia ana mtoto wa kukimbizwa hospitali, watamwambia abaki na mwanawe. "Hasa huyu," akasema, akiinua kidevu kuelekea ukutani. Ng'ambo ya ukuta anakaa Msaidizi wake, tunayemwita Rula, mtu anayepiga mstari hata chini ya jina lake kwenye karatasi ya chai.

Barua yangu ya kuthibitishwa kazini ilikuwa kwenye trei yake. Niliiona. Haijasainiwa. Hakuitaja, nami sikuitaja.

Jumatano, 8 Oktoba

Jaribio la kwanza. Limeharibika.

Nilikata ndizi nne vipande vya unene wa kidole, nikavipanga kwenye sinia visigusane, embe vivyo hivyo. Jana usiku kucha kwenye friji. Leo nikasaga na maji kidogo ili blenda isiungue. Maji ndiyo yaliyoharibu. Ilipoganda tena imekuwa chenga tupu, unatafuna kama kokoto.

Shangazi alionja, akakitazama kijiko.

"Hiki ndicho cha kumpelekea mkubwa wako?"

"Ni jaribio tu, Shangazi."

"Tia maziwa. Kila kitu kinalainika kwa maziwa. Hata wewe ulikuwa mtoto mkavu, mimi ndiye niliyekulainisha."

Shangazi alikuwa mpishi wa bweni la wasichana kwa miaka thelathini. Kwake maziwa ni heshima. Mgeni ukimpa kitu kisicho na maziwa ni kama umempokea umesimama mlangoni. Akataka kujua kwa nini mkubwa wangu hataki. Ningesema nini? Shangazi hana ubaya, ila siri kwake hailali. Ikiingia jioni, asubuhi iko bombani na ndoo yake. Nikasema Mama Muhuri anapunguza mwili. Anataka vitu vya afya.

Shangazi akacheka mpaka akashika meza. "Yule? Nilimwona siku ulipokwenda kuapa. Ukimvua koti utabaki na hanga."

Uongo mdogo. Siupendi, lakini umepita.

Jumamosi, 11 Oktoba

Imekubali. Nitaandika sawasawa nisisahau.

Ndizi ziwe na madoadoa meusi, ndiyo sukari yake. Maji hapana. Tende sita, zimelowekwa na kupondwa. Ndimu nusu, ili ndizi zisigeuke rangi. Chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Zitoke kwenye friji zikae dakika kumi, kisha zisagwe kidogokidogo, blenda ipumzishwe. Mwanzoni inakuwa kama unga, unakata tamaa — usiongeze kitu. Ngoja. Ghafla inashikana, inazunguka laini kama rangi ya ukuta. Kisha kwenye kopo, na kila baada ya saa moja unaikoroga kwa uma kuvunja barafu.

Shangazi alikula bakuli mbili. Akasema haikosi kitu ila maziwa.

Blenda ndiyo inayonitisha. Alhamisi iliyopita Shangazi alipigia maziwa mgando humohumo. Mama Muhuri alisema hata kijiko kilichofutwa tu kinatosha kumdhuru. Leo nimeifungua yote. Chini ya visu kuna pete ya mpira. Nimeichokoa kwa sindano ya kushonea ikatoka na ukungu mweupe. Nilikaa chini. Ningesuuza jagi tu, kama watu wote, na kuliona safi.

Nimenunua pete mpya. Nimechemsha jagi, uma, kopo, kifuniko, kila kitu. Shangazi ananitazama kama ninayejiandaa kuzalisha.

Jumanne, 14 Oktoba

Mama Muhuri aliniita, mlango ukafungwa tena. Rula aliinua macho. Ni mara ya tatu wiki mbili hizi. Mchana aliniuliza kwa upole kama kuna faili linalonisumbua. Nikasema hapana, bwana. Akasema vizuri, na akanyoosha karatasi zake ambazo zilikuwa zimenyooka.

Ndani nilipewa masharti. Kopo liwe la kijani lenye kifuniko cheupe, mtoto amechagua. Nikishakoroga mara ya mwisho, kijiko kisiingie tena, hata cha kuonja, maana vijiko husahau vilikotoka. Sindano yake ya dharura inakaa mfuko wa mbele wa mkoba wa shule, na mwalimu anajua kuitumia. Na niweke lebo. Mwalimu haamini kitu kisichoandikwa.

"Andika kama unavyoandika cheti," alisema. "Haina maziwa. Jina, tarehe, saini. Mwandiko wako unaaminika."

Hajawahi kunisifu. Nilitoka nikiwa nimesahau kalamu yangu mezani kwake.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimesaga saa kumi na moja jioni, mara tu nilipofika. Imeshikana vizuri. Nimekoroga saa kumi na mbili, saa moja, saa mbili. Lebo nimeandika mara tatu, mbili nikazichana kwa sababu herufi M haikunyooka. HAINA MAZIWA. Jina langu kamili. Tarehe ya kesho. Saini.

Imebaki kukoroga mara moja alfajiri. Shangazi amesema nisihangaike, yeye huamka kabla ya jogoo, atakoroga. Nikamwambia atumie uma uliofungwa kwenye kitambaa cheupe, si mwingine wowote. Akanikumbusha kwamba amelisha wasichana mia mbili mara tatu kwa siku na hajazika hata mmoja.

Nimemshukuru. Nimechoka. Nilale.

Ijumaa, 17 Oktoba, asubuhi

Leo Shangazi anafua mashuka na atageuza godoro, kwa hiyo daftari nimelitia mkobani pamoja na karatasi chakavu ya kaboni ya ofisi, ya kutolea nakala, ninayoitumia kuweka alama ya ukurasa.

Nilipotoka kuoga alikuwa ameshakoroga. Nimeinua kifuniko kidogo tu nitazame. Imelainika ajabu! Hakuna chenga hata moja. Rangi imepauka kuliko jana. Baridi, nafikiri. Sikuonja — masharti ni masharti. Nikafunga, nikazungusha selotepu, nikabandika lebo.

Saa moja na nusu nilimkabidhi Mama Muhuri kwenye geti la ofisi. Amevaa suti ya bluu, amesuka nywele upya. Alisoma lebo yote, mpaka saini. Akasema analipeleka shuleni kwenye friji ya jikoni, kisha anakwenda kwenye usaili. Halafu akaongeza, kama mtu anayekumbuka mwavuli, kwamba barua yangu ameisaini.

Nimeandika vyeti kumi na moja bila kosa. Mkono umetulia.

Ijumaa, saa sita na robo

Shangazi amepiga simu. Sitaki kuandika lakini nisipoandika nitapiga kelele.

Alitaka kujua kama mkubwa wangu ameonja, na amesema nini. Nikamwambia bado. Akacheka kile kicheko chake cha jikoni.

"Atakuita, utaona. Nimekuficha aibu, mwanangu. Nilitia maziwa mazito ya dukani, nusu ya kopo lake. Nikakoroga na uma wako huohuo wa kitambaa cheupe."

Nikamwuliza: wapi, Shangazi? Ulitia wapi?

"Wapi tena? Humo humo. Mimi nikuache umpelekee mtu mzima ndizi kavu, aseme kwetu hakuna? Na akinenepa kidogo atanishukuru."

Sikumwambia. Nilikata simu. Hajafanya kosa — nilimwambia mtu anapunguza mwili. Ningemwambia neno moja tu, mtoto, angeuvunja mkono wake mwenyewe kabla haujagusa lile kopo.

Na lebo ni yangu. Mwalimu ataisoma, ataamini.

Sherehe ni saa nane. Mama Muhuri simu imezimwa. Nimepiga mara saba. Shule sina namba yake. Iko kwenye faili la watumishi, na faili liko kwa Rula.

Ijumaa, saa saba na dakika ishirini, nje ya geti la shule

Naandika nimesimama. 

Nilikwenda kwa Rula. Nikaomba namba ya shule anayosoma mtoto wa Mkuu, na ruhusa ya kutoka. Akauliza sababu. Nikasema dharura ya familia. Akauliza, familia ya nani? Nikatazama ukuta, ule uliokuwa kati yao siku zote. Kisha nikamwambia yote. Mzio, kopo, maziwa, usaili. Nilisikia sauti yangu ikitoa siri ya mtu kama anayesoma orodha ya vifaa.

Hakuandika kitu. Aliweka rula chini.

"Mtoto ana miaka mingapi?"

"Saba."

Akafungua faili, akapiga namba ya shule. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikakatika. Akaniambia niende, ila nisaini rejista ya kutoka, na sababu iandikwe. Niliandika: mtoto wa Mkuu, maziwa. Sasa iko pale, kwa wino, kila karani ataisoma. Nilipofika mlangoni nilimsikia akipiga makao makuu, akiwaambia wamtoe Mkuu wetu kwenye chumba cha usaili sasa hivi, na akawaeleza kwa nini. Kwa sauti ya kusikika. Sijui kama alikuwa anamwokoa mtoto au anaichukua nafasi. Labda yote mawili. Sina nafasi ya kulifikiria.

Pikipiki iliniacha kwenye kona kwa sababu barabara imechimbwa. Kisigino cha kiatu kimevunjika kwenye kokoto, nimekuja peku.

Mlinzi hanifungulii. Ni mtu mzima, mtaratibu, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwambia kuna mtoto ndani atakufa akila kitu nilichotengeneza. Akanitazama miguu.

"Wiki iliyopita alikuja mwanaume analia, anasema ni mjomba, mama wa mtoto amepata ajali. Nilikaribia kumfungulia. Hakuwa mjomba wa mtu."

Nikamwambia anipeleke mwenyewe, anishike mkono, anifunge kamba akitaka. Akasema geti haachi. Simu ya ofisi ya mwalimu mkuu anaisikia ikiita tangu mchana, lakini wote wako ukumbini, hata wapishi. Kweli, naisikia na mimi. Huenda ni Rula. Naisikia pia sauti ya watoto wengi wakihesabu kwa pamoja, sijui wanahesabu nini.

Mwishowe amekubali jambo moja. Niandike. Atafunga geti kwa kufuli na kuipeleka karatasi kwa mkono wake mpaka kwa mwalimu wa darasa. Lakini niandike mimi ni nani na ninapatikana wapi, mahali pote, ili kama ni uongo nitafutwe. "Binti, bila hivyo siendi."

Sina karatasi nyingine. Nachana kwenye daftari hili. Nimetanguliza kaboni chini ya ukurasa — mazoea, mkono umefanya wenyewe. Hii hapa ndiyo nakala:

*Kwa Mwalimu wa darasa la pili. HARAKA.*

*Kopo la kijani lenye kifuniko cheupe, la mtoto wa Mkuu wa Ofisi ya Vyeti, usimpe. Lebo inasema haina maziwa. Lebo si kweli. Ina maziwa, nusu kopo. Kama ameonja, hata kidogo, sindano iko mfuko wa mbele wa mkoba wake. Usingoje avimbe.*

*Lebo niliiandika mimi. Jina langu kamili na saini viko juu yake, linganisha mwandiko.*

*Nipo nje ya geti, upande wa bomba la maji. Sketi ya kijivu, viatu viko mkononi. Siondoki.*

*Nikikosekana hapa: Ofisi ya Vyeti, ghorofa ya kwanza, dirisha la tatu. Kama dirisha hilo lina mtu mwingine, mwulize Msaidizi wa Mkuu. Rejista ya kutoka ina habari zangu zote, hakuna nilichoficha.*

*Nyumbani: nyuma ya kiwanda cha matofali, mlango wa bluu uliofungwa kengele ya baiskeli. Uliza mpishi mstaafu wa bweni, ni shangazi yangu, kila mtu anamjua. Atakukaribisha na kukupa kitu unywe. Tafadhali usimweleze kilichotokea kabla mimi sijafika.*

*Mlete polisi ukitaka. Mlete mama yake. Saa yoyote. Niite kwa jina lililoandikwa kwenye kopo, nitaitika.*